Kazi haipigiki picha: sinema na hekaya za wasanii mashuhuri

Vincent van Gogh amesimama shambani, ngano imekomaa, kunguru wanamshukia. Anawapaka kwenye turubai kwa pupa, kama mtu anayewafukuza. Kisha anaandika maneno machache kwenye kipande cha karatasi, na mlio wa bastola unasikika. Ndivyo filamu ya Lust for Life, iliyotoka mwaka 1956 chini ya mwongozaji Vincente Minnelli, inavyoyafunga maisha ya mchoraji huyo aliyeigizwa na Kirk Douglas. Wapo wengi ambao hawajapata kuiona filamu yenyewe lakini habari yake wanaijua: kwamba picha ya shamba la ngano na kunguru ndiyo aliyoichora mwisho, na kwamba ni barua ya kuaga iliyoandikwa kwa rangi.

Haikuwa hivyo. Picha ile ilichorwa katika nusu ya kwanza ya Julai 1890. Van Gogh alijeruhiwa kwa risasi tarehe 27 Julai, akafa tarehe 29, na baada ya picha ile, kabla ya risasi, alichora nyingine kadhaa. Ya mwisho, kwa mujibu wa watafiti wa Makumbusho ya Van Gogh mjini Amsterdam, ni ile ya mizizi ya miti, ambayo hakuimaliza. Mwaka 2020 mtafiti Wouter van der Veen alipatambua mahali ilipochorewa kwa msaada wa postikadi ya zamani: ni ukingo wa barabara katika kijiji cha Auvers-sur-Oise nchini Ufaransa, hatua chache kutoka nyumba ya wageni aliyokuwa akilala. Kwa jinsi mwanga unavyoiangukia mizizi, yaelekea mchana wa siku ile aliyojeruhiwa ulikuwa umesogea sana naye bado yuko kazini.

Sasa mpe mwandishi wa filamu achague: mizizi ya kando ya barabara, au kundi la kunguru weusi? Jibu linajulikana. Tumezoea kusema filamu za wasanii zinatia chumvi, kana kwamba shida ni kipimo cha chumvi tu. Mimi naona mambo mawili tofauti yanachanganywa. La kwanza, kamera haiwezi kuonyesha kwa urahisi kile hasa kinachomfanya msanii awe msanii, yaani kazi, kwa hiyo inatafuta kitu kingine cha kuonyesha. La pili, kitu hicho kingine hakiokotwi njiani. Mara nyingi kinatoka mikononi mwa mtu aliyeshika mali fulani: barua, uvumi, au hakimiliki za nyimbo. Ukiyatenga hayo mawili, filamu nyingi zinasomeka vizuri zaidi.

Mtu aliyekwenda kazini

Tazama hesabu ya Van Gogh. Aliamua kuwa mchoraji mwaka 1880 akiwa na miaka 27, akafa akiwa na 37. Katika miaka hiyo 10 aliacha kazi zipatazo 2,100, na karibu 860 kati yake ni picha za rangi za mafuta. Auvers alikaa siku 70 hivi, akachora picha zaidi ya 70. Hiyo si hesabu ya mtu anayepandisha wazimu ndipo ashike brashi. Ni hesabu ya mtu anayeamka, anabeba vifaa vyake mgongoni na kwenda kazini, jua liwake au upepo uvume, kisha jioni anamwandikia mdogo wake Theo kumwomba rangi zaidi na kumweleza kwa nini kijani fulani hakikai vizuri karibu na nyekundu. Ugonjwa ulipomshika barabara hakuweza kufanya kazi, na barua zake zinaulalamikia kwa sababu hiyohiyo: unamwibia siku.

Lakini tia hayo katika filamu ya saa mbili. Mtu anatazama, anachanganya rangi, anapaka, anarudi nyuma hatua tatu, anakwangua alichopaka. Mtunzi wa muziki ndiye mbaya zaidi, maana anakaa mezani tu. Mwandishi wa vitabu usimtaje. Mtazamaji aliyelipa kiingilio anataka tukio. Basi filamu inachukua yaliyo kando ya kazi, yaani ugonjwa, mapenzi, ugomvi na baba, deni, ulevi na kifo, na kuyafanya kuwa chanzo cha kazi. Moyo unavunjika, picha inazaliwa. Frida, ya mwaka 2002, inafanya hivyo kwa ustadi mkubwa: maumivu ya Frida Kahlo baada ya ajali ya basi ya 1925 yanageuka picha moja baada ya nyingine mbele ya macho yetu, hata unaweza kusahau kwamba wapo watu chungu nzima waliovunjika mgongo na hawakuchora kitu.

Mwaka uleule wa 1956, mwongozaji Mfaransa Henri-Georges Clouzot alijaribu njia tofauti kabisa. Alimkalisha Pablo Picasso nyuma ya karatasi maalumu, akampa wino unaopenya hadi upande wa pili, akaiweka kamera huko. Mtazamaji haoni mkono. Anaona mstari ukizaliwa, unazunguka, unakuwa samaki, samaki anakuwa kuku, kuku anakuwa uso. Aliyeshika kamera alikuwa Claude Renoir, mjukuu wa mchoraji Auguste Renoir. Picha nyingi zilizochorwa kwa ajili ya filamu hiyo ziliharibiwa baadaye, na mwaka 1984 serikali ya Ufaransa ikaitangaza filamu yenyewe kuwa hazina ya taifa. Ni kitu cha ajabu kukitazama. Na bado hekaya imepenya: Clouzot anamwambia Picasso utepe wa filamu unakwisha, zimebaki dakika chache, na mzee, kifua wazi, anashindana na saa. Hata kazi tupu ilibidi ivalishwe mashindano.

Ukitaka kuona uchoraji kama uchovu, tafuta La Belle Noiseuse ya Jacques Rivette, ya mwaka 1991. Ina karibu saa nne, na sehemu kubwa ni mchoraji mzee na mwanamke anayechorwa, ndani ya chumba kimoja, kalamu ya wino ikikwaruza karatasi. Mkono tunaouona ni wa mchoraji halisi, Bernard Dufour. Lakini mchoraji anayesimuliwa ni wa kubuni, na sidhani hilo ni la bahati. Kwa kuwa hakupata kuishi, hakuna anayekaa kitini akisubiri akate sikio.

Sikio ndani ya kabrasha

Habari ya sikio lenyewe inaonyesha hekaya zinavyosafiri. Usiku wa tarehe 23 Desemba 1888, mjini Arles, baada ya kugombana na mchoraji mwenzake Paul Gauguin, Van Gogh alijikata. Kwa miongo mingi wasomi walibishana: alikata sikio zima au ndewe tu? Baadhi ya waliomwona baadaye walisema ni kipande. Mwaka 2016 mtafiti Bernadette Murphy akatoa ushahidi aliouchimbua: mchoro wa Félix Rey, daktari kijana aliyemtibu usiku ule, unaoonyesha kwa mistari mahali kisu kilipopita. Sikio karibu lote liliondoka. Kilichobaki ni kijinyama cha chini.

Na mchoro huo ulikuwa wapi muda wote? Katika makabrasha ya Irving Stone, kwenye maktaba ya chuo kikuu huko Berkeley, California. Stone ndiye aliyeandika riwaya ya 1934 ambayo filamu ya Minnelli ilitengenezwa kutokana nayo. Daktari Rey alimchorea mwaka 1930 alipokuwa akikusanya habari za riwaya hiyo. Kwa hiyo mtu aliyechangia kuliko karibu wote kumfanya Van Gogh awe yule mwendawazimu mtakatifu tunayemjua, alikuwa na karatasi ya daktari ndani ya kabrasha. Riwaya ikasomwa, ikawa filamu, filamu ikamletea Anthony Quinn tuzo ya Oscar kwa kumwigiza Gauguin, na karatasi ikalala miaka 86.

Tangu hapo kila kizazi kimejichagulia Van Gogh wake. Maurice Pialat, mwaka 1991, alimpa mwimbaji Jacques Dutronc nafasi hiyo na kuanzia pale mchoraji anaposhuka kwenye treni Auvers. Habari ya sikio kaiacha kabisa: Van Gogh huyu ana masikio yake mawili, anakula, anacheza dansi, anachokozana na watu kuhusu pesa. Loving Vincent ya 2017 ilichorwa yote kwa mkono, fremu zipatazo 65,000 za rangi za mafuta, kazi ya wachoraji zaidi ya 100. Halafu, baada ya jasho lote hilo, hadithi yake ikawa ya upelelezi, nani alimuua. Mwaka uliofuata Julian Schnabel akatoa At Eternity's Gate, ambamo wavulana wa kijijini ndio wanaohusika na risasi. Dhana hiyo ilitoka katika kitabu cha 2011 cha Steven Naifeh na Gregory White Smith, na watafiti wa Amsterdam hawajaikubali. Willem Dafoe, aliyemwigiza mtu wa miaka 37, alikuwa amevuka 60. Sikuona kasoro, uso wake una uchovu ambao vijana hawawezi kuuigiza.

Anayekosekana katika nyingi ya filamu hizi, au anayepita tu akiwa amepakata mtoto, ni Johanna van Gogh-Bonger. Aliolewa na Theo mwaka 1889. Theo alikufa Januari 1891, miezi sita baada ya kaka yake, akamwacha Johanna mjane wa miaka 28 na mtoto mchanga na mamia ya picha ambazo soko halikuzitaka. Johanna akarudi Uholanzi, akafungua nyumba ya kupangisha wageni katika mji wa Bussum, akaanza kazi: kuandikiana na wachambuzi, kukopesha picha kwa maonyesho, kuuza chache na kuzishikilia zilizo bora, kuyaandika mauzo kwenye daftari la hesabu. Mwaka 1905 aliandaa maonyesho makubwa mjini Amsterdam. Mwaka 1914 alizichapisha barua za Vincent kwa Theo katika majuzuu matatu, na hapo ndipo dunia ilipopata sauti ya mtu huyo. Mwaka 1924, mwaka mmoja kabla ya kufa, alikubali kuiuzia National Gallery ya London picha ya alizeti, baada ya kusitasita sana.

Bila Johanna hakuna riwaya ya Stone, hakuna Kirk Douglas, hakuna kunguru. Lakini miaka 34 ya bahasha na daftari la hesabu haina kunguru ndani yake.

Uongo unaofundisha na uongo unaodhulumu

Haitoshi kukamata makosa ya tarehe. Kuna uongo unaotuletea kazi karibu, na kuna unaomnyang'anya msanii kauli yake, na mtazamaji makini afadhali ajue kuitenganisha.

Mfano wa kwanza ni Amadeus ya Miloš Forman, iliyozoa tuzo nane za Oscar kwa mwaka 1984. Inamwonyesha Antonio Salieri, mtunzi wa muziki katika kasri la mfalme huko Vienna, akimwonea wivu Mozart hadi kumwangamiza. Hekaya hiyo ina ukoo mrefu. Ilianza kama uvumi Salieri angali hai, mshairi Mrusi Pushkin akaufanya tamthilia fupi mwaka 1830, mtunzi Rimsky-Korsakov akaifanya opera mwishoni mwa karne ya 19, Peter Shaffer akaandika tamthilia yake mwaka 1979, Forman akamalizia. Salieri wa filamu amemwekea Mungu nadhiri ya kutogusa mwanamke. Salieri wa kweli alikuwa na mke na watoto wanane. Aliwafundisha Beethoven, Schubert na Liszt, na hata mtoto wa Mozart mwenyewe alipita mikononi mwake. Ile Misa ya Wafu, iliyobaki haijakamilika Mozart alipokufa tarehe 5 Desemba 1791, haikuagizwa na Salieri. Iliagizwa na bwana mmoja mwenye cheo, Franz von Walsegg, aliyefiwa na mke na kutaka kuipitisha kama utunzi wake. Walsegg naye angestahili filamu, ya kuchekesha.

Hata hivyo, karibu na mwisho kuna onyesho ambalo ni la kubuni kuanzia juu hadi chini. Mozart yuko kitandani anakufa, anatamka misa hiyo, Salieri anaiandika. Sauti nzito za kiume kwanza, peke yake. Kisha nyembamba zaidi. Kisha matarumbeta na ngoma. Kila anachokitamka tunakisikia kikiwa uchi, halafu vyote vinaunganishwa. Salieri anabaki nyuma, anamsihi apunguze mwendo, kisha ghafla anaelewa, na sisi tunaelewa pamoja naye. Halikutokea kamwe, na sijui onyesho jingine la sinema linaloeleza vizuri kiasi hicho jinsi muziki unavyoundwa. Hapo kazi imepigwa picha kweli, na aliyeipiga ni mwongo.

Mfano wa pili unauma. Mwaka 1612, mjini Roma, mchoraji Orazio Gentileschi alimshtaki mwenzake Agostino Tassi kwa kumbaka binti yake Artemisia, naye pia mchoraji. Kumbukumbu za kesi zipo hadi leo. Mahakama, ili kupima ukweli wa msichana, iliagiza afungwe kamba vidoleni na kukazwa. Vidole vya mchoraji. Artemisia akarudia kusema kwamba ni kweli, ni kweli. Tassi alipatikana na hatia. Mwaka 1997 ikatoka filamu ya Kifaransa ya Agnès Merlet, Artemisia. Ndani yake Tassi ni mpenzi na mwalimu anayeamsha kipaji cha msichana, na msichana, vidole vikiwa ndani ya kamba, anakana kwamba alibakwa. Kabla haijaonyeshwa Marekani, wanahistoria wa sanaa na watetezi wa wanawake walikuja juu, na msambazaji akaacha kuitangaza kama kisa cha kweli.

Hilo nalitenga na wivu wa Salieri. Salieri kasingiziwa, sawa, na heshima yake imechafuliwa. Lakini Artemisia alisema neno moja chini ya mateso, likaandikwa, likahifadhiwa miaka 385, na filamu ikamtia mdomoni kinyume chake. Sababu yake haiko mbali na ile ya kunguru: filamu ilihitaji chanzo cha kipaji, na kwa wasanii wa kike sinema ina mazoea ya kukitafuta chanzo hicho kitandani kwa mwanamume.

Mwenye nyimbo ndiye mwenye hadithi

Kwa wanamuziki lile jambo la pili, la nani kashika mali, linakuwa wazi zaidi. Filamu ya mchoraji aliyekufa zamani haihitaji ruhusa ya mtu. Ya mwanamuziki wa karne ya 20 inahitaji nyimbo, na nyimbo zina wenyewe. Mwaka 2013 John Ridley alitengeneza filamu kuhusu Jimi Hendrix. Warithi hawakumpa nyimbo, kwa hiyo Hendrix wake anapiga nyimbo za watu wengine tu, katika kipindi cha kabla hajawa nyota mkubwa. Filamu yenyewe si mbaya, lakini ni vigumu kumweleza mwanamuziki kwa kumzuia asipige vyake.

Upande wa pili ni Bohemian Rhapsody ya 2018, ambayo inatuhusu kidogo, kwa kuwa Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ambaye filamu inamsimulia, alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, tarehe 5 Septemba 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi kutoka Gujarat, baba karani wa serikali ya kikoloni. Alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, ambako alipiga piano katika bendi ya wanafunzi, akarudi Unguja, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Filamu inamkuta London, Zanzibar inatajwa tu katika mazungumzo, na safari inaendelea.

Nyimbo zote zimo, kwa sababu Brian May na Roger Taylor wa Queen, pamoja na meneja wao wa miaka mingi Jim Beach, walikuwa ndani ya utengenezaji. Tazama basi hadithi iliyotoka. Freddie anawaacha wenzake kwa ajili ya albamu yake binafsi, bendi inavunjika, anazama katika starehe na watu wabaya, anaugua, anarudi kuomba msamaha, anawaambia ana virusi vya UKIMWI, kisha wanapanda pamoja jukwaani Wembley kwenye tamasha la Live Aid, tarehe 13 Julai 1985, na dunia inalipuka. Aliyesoma Injili anaijua hadithi hii: ni ya mwana mpotevu.

Kweli ni nyingine. Queen hawakuvunjika. Januari 1985 walikuwa wamepiga mbele ya umati mkubwa Rio de Janeiro, na hadi Mei mwaka huo walikuwa ziarani. Albamu ya peke yake, iliyotoka 1985, haikuwa usaliti wa kwanza, maana Taylor alishatoa yake tangu 1981. Na ugonjwa, kwa maelezo ya aliyekuwa akiishi naye, Jim Hutton, aliujua mwaka 1987, miaka miwili baada ya Live Aid. Hadharani aliutangaza tarehe 23 Novemba 1991, akafa kesho yake.

Watetezi wa filamu husema kusogeza tarehe ni jambo la kawaida, na wana haki. Nyimbo kadhaa zimesogezwa pia, na nani anajali? Lakini ugonjwa uliposogezwa mbele ya tamasha umebadili kazi. Katika filamu unakuja baada ya kosa la kuiacha bendi na kuingia kwenye klabu za usiku, kwa hiyo unasomeka kama malipo, na kurudi kwa wenzake kunasomeka kama toba. Hakuna anayelitamka hilo; mpangilio wa matukio unalisema peke yake. Na wanaotoka wasafi ni wale waliobaki hai na wenye nyimbo. Sisemi walifanya hila. Nasema mtu akiombwa asimulie habari za rafiki aliyekufa, naye mwenyewe yumo katika kisa hicho, ni nadra ajipe sehemu mbaya.

Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 900 na kumpa Rami Malek tuzo ya Oscar. Ile sehemu ya Wembley, iliyoigwa karibu hatua kwa hatua, ni ya kusisimua mno, nikiri hivyo. Mwaka uliofuata makumbusho ya Freddie yakafunguliwa Shangani, na wageni wanapiga picha mlangoni. Mwaka 2006, sherehe iliyopangwa Zanzibar kuadhimisha miaka 60 ya kuzaliwa kwake ilifutwa baada ya kupingwa na kikundi cha kidini. Kwa hiyo huko kwao hekaya mbili zinaishi mtaa mmoja, na filamu haikuigusa hata moja.

Freddie mwenyewe, ikumbukwe, alijibadilisha jina na kuuzungumzia utoto wake kwa nadra sana. Wasanii huanza kujitungia hekaya kabla kamera haijafika. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, alikuwa hodari wa hilo. Dokumentari ya Andy Jones ya mwaka 2006 inamfuata akivuta sigara, akipiga ngoma, akisimulia alivyotoroka ndoa na kutembea bara peku. Umri wake aliupima kwa kusema alizaliwa zama za rupia, na wengi wakachukulia hiyo ni kabla ya Vita vya Kwanza. Rupia, hata hivyo, iliendelea kutumika Zanzibar hadi 1936. Alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, magazeti yaliandika umri wa miaka 100 na zaidi, na hakuna aliyekuwa na cheti cha kuthibitisha au kukanusha.

Tuseme sasa mtu anataka kutengeneza filamu kubwa kuhusu Siti binti Saad. Matukio anayo tele: msichana wa Fumba anayeuza vyungu, kejeli za mji kuhusu sura na asili yake, majibu yake kwa wimbo, safari ya meli kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Mali imegawanyika: santuri zilikuwa za makampuni ya ng'ambo, na wasifu uliandikwa na Shaaban Robert, aliyekusudia watu wajifunze tabia njema kutoka kwake, kwa hiyo doa si rahisi kulikuta humo. Mwandishi wa filamu atavutwa na kejeli na meli. Lakini Siti hakujua kusoma. Mashairi yote, ya Kiswahili na ya Kiarabu, aliyaingiza kichwani kwa kusikiliza na kurudia, usiku hadi usiku, pamoja na wanamuziki wenzake akina Subeit Ambar na Mbaruk Talsam. Filamu itakayotenga dakika 20 kwa mazoezi hayo, mtu akikosea beti na kuanza upya, nitalipa kiingilio mara mbili.